Tujibu Hoja, Tuache Kusaka Majina

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu rai ambayo siku hizi inasikika kila pembe ya jiji la Nairobi, kuanzia vipindi vya asubuhi vya redio hadi hotuba za viongozi wa dini, kwamba matusi na chuki tunazoziona katika mijadala ya mtandaoni zitakoma siku ile kila Mkenya atakapolazimishwa kuandika kwa jina lililo kwenye kitambulisho chake. Wanaoshikilia rai hiyo si watu wa kubezwa. Wengi wao ni wazazi waliosoma kwa macho yao maneno ambayo binti zao waliandikiwa na watu wasiojulikana, wakakosa pa kupeleka malalamiko. Hata hivyo, naamini kwa dhati kwamba wanalaumu kisicho na kosa, na kwamba tukiwafuata tutapoteza jambo jema ambalo ni nadra sana kulipata kwingine katika jiji hili, yaani nafasi ya mtu kusikilizwa kabla ya kuulizwa kwao ni wapi.

Sote tunajua jinsi mazungumzo yanavyokwenda hapa kwetu. Mtu akijitambulisha kwa jina lake la pili, msikilizaji huwa ameshapiga hesabu kabla sentensi haijaisha: huyu ni wa upande ule, basi ni wa chama kile, basi haya anayosema kuhusu bei ya unga au karo ya shule yana nia iliyofichwa. Akiisifu serikali ataambiwa ni kwa sababu mtu wao yumo ndani, na akiikosoa ataambiwa ni kwa sababu mtu wao ameachwa nje. Hoja nyingi nzuri zimefia mlangoni kwa namna hii. Mwenye jina lisiloonekana huinyima hesabu hiyo tarakimu ya kwanza, na kwa dakika chache, wakati mwingine kwa saa nzima, watu hulazimika kushughulika na alichokisema.

Nitaeleza mjadala mmoja nilioufuatilia tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa ndani yake kuna karibu kila kitu ninachotaka kusema. Ulikuwa katika kundi lenye maelfu ya wakaazi wa mitaa ya Eastlands, kundi ambalo watu huulizia fundi wa mabomba, nyumba ya kupanga na mtoto aliyepotea. Mama mmoja aliuliza kwa adabu kabisa. Alisema anamlipa mfanyakazi wake wa nyumbani shilingi 8,000 kwa mwezi, pamoja na chakula na mahali pa kulala, na sasa msichana ameomba aongezwe hadi 10,000. Je, akubali au atafute mwingine? Majibu ya mwanzo yalikuwa yale yale tuliyoyazoea. Huyu alisema wasichana wa siku hizi hawaridhiki, yule akasema kijijini kwao wapo watakaokuja kwa 6,000, na mwingine akamsihi mama asiwe mgumu kwa sababu ya shilingi elfu mbili.

Kisha akaingia mtu aliyetumia picha ya ua na jina la kubuni. Hakumtukana yeyote. Aliuliza iwapo kuna aliyewahi kuhesabu saa za kazi hiyo, halafu akazihesabu mwenyewe. Kwamba huamka saa kumi na nusu alfajiri kwa sababu basi la shule hupita kabla ya saa kumi na mbili. Kwamba mtoto mdogo hubaki naye mgongoni wakati anafua. Kwamba mwenye nyumba hurudi saa nne za usiku, na sufuria za chakula hicho haziwezi kulala hadi kesho. Kwamba mapumziko ya Jumapili huanza baada ya chakula cha mchana na huisha kabla ya giza. Aliandika kwamba chumba anachosifiwa kupewa ni godoro linalotandikwa sebuleni baada ya watu wote kwenda kulala, hivyo hawezi kulala kabla ya mgeni wa mwisho kuondoka wala kuendelea kulala baada ya mtu wa kwanza kuamka. Ukweli wenyewe ulikuwa mezani, na aliyeuleta ni mtu ambaye katika nyumba hizo hizo haruhusiwi kuketi mezani.

Baada yake alitokea mwingine, naye asiyejulikana, akakumbusha kwamba kazi ya nyumbani imo katika amri ya serikali ya kima cha chini cha mshahara, na kwamba kwa Nairobi, baada ya nyongeza ya asilimia 6 iliyoanza kutumika Novemba 2024, kima hicho kilifika shilingi 16,113.75 kwa mwezi bila kuhesabu posho ya nyumba. Wengi walishtuka, na walikiri waziwazi kwamba hawakuwahi kujua kuna sheria inayowahusu wao kama waajiri. Hapo ndipo mama mmoja alipouliza swali ambalo kwa maoni yangu ndilo lililokuwa zito kuliko yote: mimi ninayepata 25,000 kwa mwezi, nikitoa kodi, nauli na karo, hiyo 16,000 nitaitoa wapi, na nikiacha kumwajiri mtu nitawezaje kwenda kazini? Hakuwa anakejeli. Yule mwenye picha ya ua hakumrukia. Alimjibu kwamba anaelewa, kwamba yeye pia ana mama anayemtegemea na anajua hesabu isiyofika, akapendekeza waajiri wawili wa ploti moja wachangie mshahara wa mtu mmoja, au mtu aje siku tatu kwa wiki na kurudi kwake, ili anayelipwa kidogo asifanyishwe kazi saa zote za siku. Watu wakaanza kuulizana maswali ya maana. Sijawahi kusikia suala hili likizungumzwa vizuri kiasi hicho redioni wala katika mkutano wowote wa mtaa.

Kilichouvunja mjadala huo kilikuwa swali moja fupi kutoka kwa mwanamume aliyeandika kwa jina lake kamili, akiwa na picha yake na watoto wake: wewe dada, jina lako la pili ni lipi? Hakujibiwa. Mwingine akadai kwamba herufi mbili alizozichanganya dada huyo zinaonyesha wazi anatoka upande gani wa nchi. Kuanzia hapo hakuna aliyezungumzia tena saa za kazi wala mshahara. Wakaanza kutajiana wasichana wa kabila gani ni wezi, na waajiri wa kabila gani ni wachoyo. Mtu mmoja akaenda kuchimbua picha za zamani za akaunti ile, akapata moja yenye geti la nyumba nyuma yake, akatangaza kwamba geti hilo analijua na mwenye nyumba ataarifiwa. Kabla ya usiku, maoni yote ya yule mwanamke yalikuwa yamefutwa, na akaunti yenyewe haikuonekana tena. Msimamizi wa kundi akafunga mjadala kwa maelezo kwamba umeleta ukabila.

Naomba wanaotaka majina ya vitambulisho watafakari nani alifanya nini katika kisa hicho. Waliotukana kabila la mwenzao walikuwa kwa sehemu kubwa watu wenye majina kamili, picha za harusi na majina ya kampuni wanakofanya kazi. Waliosema mambo ya maana zaidi walikuwa watu wawili wasio na majina. Kama sheria wanayoitaka ingekuwepo siku ile, yule bwana angeandika swali lake vilevile, kwa kuwa tayari alikuwa akitumia jina lake bila haya yoyote. Ambaye asingeandika hata neno moja ni yule mfanyakazi wa nyumbani, kwa kuwa angepoteza kazi na mahali pa kulala kwa siku moja.

Najua nitaambiwa kwamba mifano ya mtaani haitoshi, na kwamba historia yetu inasema vingine. Januari 2008, wakati nchi ilikuwa ikiwaka baada ya uchaguzi, jukwaa la mjadala la Mashada, ambalo lilikuwa na wafuasi wengi miongoni mwa Wakenya wa hapa na wa ughaibuni, lilijaa chuki kiasi kwamba mwanzilishi wake, David Kobia, aliamua kulifunga. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika machafuko yale na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao, kwa hiyo hakuna Mkenya mwenye akili timamu anayeweza kulichukulia jambo hilo kwa wepesi. Lakini tusisahau nusu ya pili ya kisa hicho. Tume iliyochunguza machafuko hayo, ikiongozwa na Jaji Philip Waki, ilisikia ushahidi pia kuhusu vituo vya redio vya lugha za kiasili, ambavyo vilikuwa na leseni, wamiliki na watangazaji waliojulikana kwa majina na hata kwa sauti. Wanasiasa waliowachochea watu katika mikutano ya hadhara hawakuvaa barakoa. Na katika majuma hayo hayo, Kobia alikuwa miongoni mwa Wakenya na marafiki zao walioijenga Ushahidi, ramani ya mtandaoni iliyopokea taarifa za mashambulizi kutoka kwa wananchi wa kawaida. Mtu aliyeona nyumba ya jirani ikichomwa aliweza kutoa taarifa bila jina lake kuanikwa mbele ya waliochoma. Chuki ilitolewa na wenye majina na wasio na majina, na vivyo hivyo ukweli.

Nchi nyingine imeshaijaribu dawa hii inayopendekezwa kwetu. Korea Kusini iliweka sheria mwaka 2007 iliyozitaka tovuti kubwa kuthibitisha jina halisi la kila anayetoa maoni. Kampuni zikalazimika kukusanya na kuhifadhi taarifa za utambulisho za mamilioni ya watu. Mwaka 2011 wadukuzi wakaingia katika hifadhi za kampuni moja kubwa ya mtandao nchini humo na kuiba taarifa za watumiaji wapatao milioni 35, na Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria hiyo kwa kauli moja, ikiona kwamba inabana uhuru wa kujieleza bila ushahidi wa kutosha kwamba imeleta manufaa yaliyokusudiwa. Sisi ambao nambari zetu za simu huzagaa kwa walinzi wa kila jengo la Nairobi tunakoandika majina kwenye daftari la wageni, tunataka kumkabidhi nani orodha ya kila raia na kila alilowahi kusema?

Swali hilo si la nadharia tu. Kwa miaka mingi Wakenya walikuwa wakikamatwa chini ya kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano kwa maandishi yaliyoitwa ya kuudhi, hadi Mahakama Kuu ilipokibatilisha mwaka 2016. Mwaka uliofuata ikabatilisha pia kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kumchafulia mtu jina kuwa jinai. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 ikarudisha mengi kwa mlango mwingine, ikiwemo faini ya hadi shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 10 kwa kosa la unyanyasaji wa mtandaoni, na marekebisho yake yaliyotiwa saini Oktoba 2025 yalipingwa mahakamani mara moja, na baadhi ya vipengele vyake vikasitishwa kwa muda. Zaidi ya hayo, Juni 2025 taifa zima lilimlilia mwalimu kijana aliyefia mikononi mwa polisi katika kituo kimoja hapa Nairobi, baada ya kukamatwa kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni yaliyomhusu afisa wa ngazi ya juu wa polisi. Mzazi anayemwonya mwanawe leo asiandike kwa jina lake hamfundishi uoga. Ana sababu, na sababu hiyo ilizikwa mbele ya macho yetu.

Wapo watakaouliza kama basi nawatetea wanaotishia kuua, wanaosambaza picha za uchi za wasichana na wanaohubiri kabila fulani lifukuzwe mahali fulani. La hasha. Mambo hayo ni makosa tayari, liwepo jina au lisiwepo. Katiba yenyewe, katika ibara ya 33, inasema uhuru wa kujieleza hauhusu uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki, na sheria ya mwaka 2018 ina kifungu mahususi kuhusu usambazaji wa picha za faragha. Laini za simu tunazotumia zimesajiliwa kwa vitambulisho, na mahakama ina uwezo wa kuiamuru kampuni itoe taarifa za mshukiwa. Jina la mhalifu linapatikana kwa amri ya hakimu, baada ya sababu kutolewa mbele yake. Kinachokosekana ni afisa wa kituo cha polisi atakayeandika malalamiko ya msichana aliyetukanwa badala ya kumuuliza alikuwa anatafuta nini mtandaoni. Hilo halihitaji sheria mpya, na ni aibu kwamba bado tunaliomba.

Upo pia uovu mwingine ambao watu huuchanganya na huu, na hapo nakubaliana kabisa na wanaolalamika. Mtu mmoja kuficha jina lake ni jambo moja; mtu mmoja kujifanya umati ni jambo lingine. Mwaka 2021 wakfu wa Mozilla ulichapisha uchunguzi wa Odanga Madung na Brian Obilo ulioonyesha jinsi vijana hapa Kenya walivyokuwa wakilipwa kati ya dola 10 na 15 hivi kwa kushiriki kampeni moja ya kuwachafua majaji na wanaharakati, wakipewa maelekezo na maneno ya kubandika kupitia makundi ya WhatsApp, hadi mada hizo zikapanda na kuonekana kana kwamba nchi nzima inazizungumzia. Walihesabu akaunti zipatazo 3,700 zilizoshiriki. Ubaya hapo ni hongo na uongo wa idadi, maana msomaji anaambiwa Wakenya wamesema, kumbe aliyesema ni mwenye pesa mmoja. Akaunti nyingi kati ya hizo zingeweza kuwa na majina halisi na kampeni isingepungua makali hata kidogo.

Vilevile tusiyasahau makampuni yanayomiliki mitandao hiyo, ambayo hupata faida kila tunapogombana na ambayo mashine zake huchagua ugomvi na kuupandisha juu. Katika Mahakama Kuu hapa Nairobi ipo kesi iliyofunguliwa Desemba 2022 dhidi ya Meta, kampuni inayomiliki Facebook, ambapo mmoja wa walalamikaji ni mwana wa Profesa Meareg Amare wa Ethiopia, aliyeuawa Novemba 2021 baada ya machapisho ya Facebook kumtaja kwa jina na kueleza anakoishi. Aprili 2025 mahakama iliamua kwamba ina mamlaka ya kuisikiliza. Ni hapa hapa Nairobi pia ambako mamia ya vijana waliajiriwa kuchuja machapisho ya kikatili kwa ajili ya Facebook, wakaja kwenda mahakamani kudai kwamba kazi hiyo iliwaumiza akili na kwamba malipo yalikuwa duni. Katika mauaji ya profesa huyo, silaha ilikuwa jina na anwani yake kuwekwa hadharani. Wanaodhani kuwa kuanika majina ni njia ya amani waisome kesi hiyo.

Tuna mifano yetu wenyewe ya wageni kubishana bila kuchinjana. Katika Bustani ya Jeevanjee, ambayo mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee aliwakabidhi wakaazi wa jiji mwaka 1906 na ambayo mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza vita vya kuiokoa mwaka 1991 ilipotishiwa na mpango wa ujenzi, watu wamekuwa wakikutana kwa miaka mingi chini ya kile kinachoitwa Bunge la Mwananchi. Nimesimama pale mara nyingi wakati wa chakula cha mchana. Haulizwi mtu kitambulisho. Mchuuzi hubishana na wakili asiye na kazi, na mara nyingi mmoja hajui jina la mwenzake hadi wanapoachana. Nakiri kwamba pale watu huonana uso kwa uso, na macho ya mwenzako hukurudisha nyuma kabla hujatoa tusi. Hilo mtandao hauna. Lakini pale pia huwa na mtu ambaye msemaji akipotoka na kuanza kumshambulia mwenzake humwambia arudi kwenye hoja, na waliosimama humuunga mkono. Hilo mtandao unaweza kuwa nalo leo jioni, wasimamizi wakitaka.

Malumbano ya washairi wetu nayo yana funzo lake. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walirushiana tungo kali mno mwanzoni mwa karne ya 19, wakati miji yao ilipokuwa maadui, na bado leo tunazisoma kwa sababu kila mmoja alimjibu mwenzake kwa alichokisema. Katika kurasa za mashairi za magazeti yetu, watunzi wengi hujulikana kwa lakabu kuliko kwa majina waliyopewa na wazazi wao, na kwa desturi anayejibu huifuata bahari ya mwenzake, yaani aina ya shairi alilolitumia, mara nyingi na vina vyake pia. Desturi hiyo humlazimu kumsoma mpinzani wake ubeti kwa ubeti kabla hajashika kalamu. Ukali haujawahi kuwa shida yetu. Shida ni kujibu bila kusoma.

Kwa hiyo nawaomba wasimamizi wa makundi ya mitaa, ya makanisa, ya wafanyabiashara na ya wazazi wa shule waweke kanuni moja na waisimamie bila upendeleo: anayeuliza kabila, jina la pili au makazi ya mwenzake ili kumnyamazisha, maoni yake yaondolewe papo hapo, na akirudia aondolewe yeye. Mjadala wenyewe ubaki wazi. Kuufunga mjadala wote, kama alivyofanya yule msimamizi niliyemtaja, ni kumpa mvurugaji ushindi alioutafuta na kumwadhibu aliyevurugiwa. Kazi hii inachosha na haina malipo, nami nawaheshimu sana wanaoifanya, wengi wao wakiwa akina mama wanaofuta matusi usiku wakati watoto wamelala. Tunaosoma tu bila kuandika nasi tuna wajibu. Tukiona picha ya skrini yenye jina la mtu wa kawaida aliyesema jambo la kipuuzi, tusiipeleke mbele. Kesho atatafutwa kazini kwake kwa sababu ya sentensi moja aliyoiandika akiwa kwenye matatu.

Ombi langu la mwisho ni kwako, Mhariri, na kwa wenzako wa magazeti na redio. Wewe unalijua jina langu na nambari yangu ya simu, na umekubali kutozichapisha kwa sababu nilizokueleza. Utaratibu huo ni wa haki kabisa, na umewalinda waandishi wengi wa barua kabla yangu. Lakini vyombo vyetu vya habari vina mazoea mapya ambayo hayana uangalifu huo: mwandishi huokota maoni manne au matano makali ya watu asiowajua, akayapanga chini ya kichwa kinachodai kwamba Wakenya wamechemka, na habari ikaishia hapo. Hakuna aliyeulizwa chochote, na msomaji haambiwi ni watu wangapi waliosema hayo wala kama kuna waliosema kinyume. Mjadala ule wa mshahara ungeandikwa kwa mtindo huo, zingechapishwa kejeli za makabila na zile saa za kazi zisingetajwa. Naomba gazeti lako likome kuandika habari za namna hiyo, na mahali pake liwe likichukua maswali ya kweli yanayoulizwa na wananchi hawa wasio na majina na kuyapeleka kwa wenye wajibu wa kuyajibu. Mnaweza kuanza na Wizara ya Leba: ni nani anayekagua iwapo kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani kinalipwa, na mwajiri anayepata 25,000 kwa mwezi anashauriwa afanye nini?

Wako mwaminifu,
Msomaji wa Umoja, Nairobi